Jinsi ya kuvaa nguo ya kishindo Bukavu

Ukisimama asubuhi pale Place de l'Indépendance utauona mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukienda kazini umevaa kwa adabu. Wanafunzi wako na shati nyeupe na bluu yao. Wanaume wako na makoti ya kijivu, ya kahawia, ya bluu nzito. Mama wa ofisini amevaa sketi iliyopita magoti na sweta juu yake, maana tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na upepo wa ziwa hauna huruma saa kumi na mbili asubuhi. Mama wa sokoni ana vikwembe (vitenge) viwili, kimoja amejifunga na kingine kimebeba mtoto. Nguo zimepigwa pasi, viatu vimepanguswa matope. Bukavu ni mji unaojali mavazi, na ninaupenda kwa hilo. Lakini rangi zake zimenyamaza.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Nyawera, na nguo ninazovaa ni za kishindo, hazinyamazi: suruali pana ya rangi ya haradali, gauni la kijani lenye mikono mikubwa iliyojaa upepo, koti la kikwembe lenye ndege wakubwa mgongoni. Nimeolewa, nina watoto, ninaimba kwaya parokiani. Wateja wangu, hasa wasichana waliomaliza chuo na kuanza kazi, huniuliza swali lile lile wakati ninawapima: Mama, wewe unafanyaje ili watu wasikuseme? Wananisema. Ila wananisalimia pia, na wananisalimia kwa heshima. Nitaeleza njia ninayoifuata. Nitazungumza zaidi na wanawake, kwa sababu hapa kwetu mwanamke ndiye anayehukumiwa kwa nguo; wanaume nitawapa sehemu yao.

Anzia kwenye avenyu yako

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na karibu kila mtu hulifanya kinyume. Msichana akishonewa nguo ya kishindo, anaiweka ndani ya mfuko, anapita mtaani kwao na sketi yake ya kila siku, anabadilisha kwa rafiki kule Muhumba, kisha anaenda mahali kando ya ziwa ambako hakuna anayemfahamu. Anafikiri huko atakuwa huru. Huko ndiko atakakoumizwa, maana mtu asiyejulikana, akiwa amevaa nguo inayovuta macho, hana wa kumsemea. Watu wakikosa jina lake watampa la kwao, na majina hayo hayapendezi.

Avenyu yako inakufahamu. Ulikaa nao kwenye kilio, ulichanga wakati mtoto wa jirani alipolazwa, ulisimama nao kwenye foleni ya maji. Nguo mpya ikipita hapo imevaliwa na mtu mwenye historia. Mama anayeuza makaa kwenye kona atainua macho, atashangaa kidogo, halafu jirani akimuuliza atajibu, "Ule ni Mama Furaha, yule fundi." Hapo neno limekwisha.

Kwa hiyo siku ya kwanza toka na nguo yako mapema, wakati watu wanafagia na kuwasha mbabula, majiko ya makaa. Usipite haraka. Salimia kila mtu, wazee kwanza, kwa mikono miwili na kichwa kimeinama kidogo. Muulize mwenye mgonjwa habari za mgonjwa wake. "Jambo Papa. Koko ameamkaje leo?" Wakati anakujibu, macho yake yanaizoea nguo. Akiitaja, mjibu kwa upole na uendelee na habari za Koko. Fanya hivyo mpaka nguo iache kuwa habari. Baada ya hapo ipeleke kazini, sokoni, kisha mjini, na utashangaa jinsi sifa yako inavyokutangulia, kwa sababu kijana wa pikipiki anayeegesha Place Mulamba huenda analala nyumba tatu kutoka kwako.

Nyumbani pia kuna kazi, na inafanyika kabla mkasi haujagusa kitambaa. Mwonyeshe mume, au wazazi kama bado uko kwao. Sisemi uombe ruhusa. Ninasema watu wa nyumbani huumia zaidi wanapoipata habari njiani kuliko wanapoiona nguo yenyewe. Mama mkwe wangu alipoona kile kitambaa cha ndege alinyamaza, nami nikamwomba achague vifungo. Alichagua vya mbao, vikubwa, vya kahawia. Leo mtu akilishangaa lile koti mbele yake, yeye ndiye anayejibu, "Vifungo nilichagua mimi." Tafuta kitu cha kweli ambacho mzee wako anaweza kukuchagulia: kifungo, rangi ya bitana, urefu wa mkono. Lazima kiwe cha kweli, na ukitumie kama alivyokichagua.

Kitambaa

Wengi huja na picha kwenye simu wakisema nishonee hivi. Mimi huwauliza kwanza kitambaa kiko wapi, maana kishindo kinaanzia mkononi unapokishika.

Sokoni Kadutu, au kwa wauzaji wa Nyawera, geuza kitambaa uangalie upande wa ndani. Waksi ina rangi pande zote mbili, karibu sawa kwa sawa. Fansi imechapwa upande mmoja tu, nyuma imepauka. Fansi siidharau, inafaa gauni la nyumbani, inafaa shati la mtoto. Lakini suruali pana na mkono mkubwa huonyesha ndani unapotembea, na hapo fansi inakuaibisha mbele ya watu waliokuwa wanakutazama tayari. Waksi ya Uholanzi, ile ya Vlisco wanaochapa Helmond tangu 1846, ni ghali sana na wengi wanaiga mpaka maandishi ya ukingoni, kwa hiyo usinunue kwa kusoma ukingo peke yake. Ninunuapo mimi, ninakikunja kitambaa kwenye ngumi kisha ninakiachia nione kinavyonyooka, ninakitazama kwenye jua kama uzi umesongamana, na ninalowesha kona kidogo niibane kwenye leso nyeupe. Kikiacha rangi, ninajua kitafuliwa peke yake.

Pisi nzima ni yadi 6, kama mita 5.5. Inatosha suruali pana na koti kwa mwanamke wa umbo la kawaida, na vipande vinabaki. Kabla ya kukata, kiloweke kitambaa usiku mzima, kianike kivulini, kipige pasi. Pamba hupungua ikiingia majini mara ya kwanza. Afadhali ipungue ikiwa bado kitambaa kuliko ikiwa imeshakuwa suruali.

Sasa picha. Hapa ndipo nguo nyingi za kishindo zinapoharibika mjini kwetu, na kosa huwa la fundi. Vitambaa vizuri vina picha kubwa: miduara, feni, macho, ndege, maua makubwa kuliko sahani. Kabla ya mkasi, jizungushie kitambaa mbele ya kioo na uangalie kila picha inaangukia wapi. Miduara miwili ikikaa juu ya matiti, au feni moja ikakaa katikati ya makalio, soko zima litazungumza hilo tu, na hutaweza kuwalaumu. Sogeza kitambaa shubiri moja, panda au shuka, mpaka picha kubwa ikae kwenye bega moja, au mgongoni katikati, au pembeni ya goti. Kwenye koti, kata mbele kushoto na mbele kulia ili picha ikamilike pale vifungo vinapokutana. Hilo linakula kitambaa, na fundi mvivu atakuambia si lazima. Ni lazima. Mtu anayekutazama barabarani hajui ushonaji, lakini anajua nguo iliyofikiriwa na nguo iliyokatwa tu.

Ndege na wanyama wana kichwa na miguu. Kitambaa kikikunjwa begani bila mshono, ndege wa mbele watasimama vizuri na wa mgongoni watakuwa kichwa chini. Mgongo ukatwe peke yake, ugeuzwe, uunganishwe begani. Fundi akikuambia yadi 4 zinatosha kwa koti la ndege wakubwa, muulize ndege wa mgongoni watatazama wapi.

Chagua kitu kimoja cha kupaza sauti: rangi, au picha, au umbo. Ile suruali yangu ya haradali ni kitambaa kitupu kisicho na ua hata moja. Rangi na upana wake vinatosha, na juu ninavaa blauzi nyeupe ya kawaida. Koti la ndege limekatwa nyoofu kabisa, na chini ninavaa sketi nyeusi. Mikono mikubwa iko kwenye gauni la kijani kibichi lisilo na picha. Ukiweka vyote vitatu pamoja, watu hawajui watazame wapi, na mtu aliyechoka kutazama huwa mkali wa maneno.

Wasapeli wa Brazzaville, wale wanaume wanaojulikana kwa kuvaa kwa mbwembwe, wana sheria yao: mwili mmoja usizidi rangi tatu, viatu vikiwemo. Kwa kikwembe sheria hiyo haihesabiki, maana kipande kimoja kinaweza kuwa na rangi sita. Mimi huhesabu rangi ya chini ya kitambaa na rangi mbili zinazoonekana kwanza ukiwa hatua kumi. Kilemba, mkoba na viatu lazima vitoke ndani ya hizo tatu. Ukitaka kuchanganya vikwembe viwili, viwe na rangi moja ya pamoja, na picha za kimoja ziwe ndogo za kingine kubwa.

Kuhusu ngozi nina msimamo, nao nausema wazi. Mwili ni wa msichana mwenyewe na simhukumu. Lakini ukivaa rangi nzuri na paja liko nje, Bukavu itazungumza paja, na rangi uliyoihangaikia haitaonwa na mtu. Mimi nataka waione rangi. Kwa hiyo nguo zangu za kishindo ndizo zenye urefu zaidi na kola iliyofunga zaidi, na kwa sababu hiyo ninaweza kwenda mbali sana kwenye umbo na rangi.

Mabega yakae mahali pake kamili. Mapindo yanyooke. Uzi usining'inie popote. Nguo ya kijivu iliyoshonwa ovyo inasamehewa kwa kuwa hakuna anayeitazama; yako wataitazama mshono kwa mshono. Piga pasi kila mara, hata umeme ukikatika: pasi ya makaa ipo, pangusa majivu chini yake na uweke kitambaa chenye unyevu katikati ili cheche isitoboe.

Vilima, matope na pikipiki

Mvua yetu huanza Septemba na inaendelea mpaka Mei. Anayeshuka kutoka Kadutu, au anayepanda kwenda Cimpunda, anajua udongo wetu ukilowa unavyoteleza na unavyoshika. Suruali pana inayogusa ardhi inapendeza kwenye picha iliyopigwa mji wenye lami kila mahali. Hapa, wakati wa mvua, ikomee kwenye kifundo cha mguu. Mimi hushona chini yake utepe wa kitambaa kizito wa kama sentimita 10, rangi ya udongo wenyewe, kahawia inayoelekea wekundu. Watu hudhani ni pambo. Kweli limekuwa pambo, na tope likiruka halionekani mpaka ufike. Juni mpaka Agosti ni vumbi, hapo suruali inaweza kushuka kidogo zaidi.

Viatu viwe viwili: vya kutembelea, vyenye soli ya mpira inayoshika, na vya kufikia, ndani ya mkoba. Usipande kilima na kisigino kirefu ili uonekane. Mwanamke anayeteleza akiwa na nguo ya haradali anakumbukwa muda mrefu.

Kwenye pikipiki tunakaa mguu huku na mguu huku, kwa hiyo sketi ya kubana inapanda yenyewe, upende usipende. Suruali pana imetatua tatizo hilo kuliko nguo yoyote niliyoshona. Ukipenda sketi, mwambie fundi aishone yenye kupishana sana mbele, iende mpaka upande wa pili wa nyonga, au akushonee suruali iliyojificha ndani ya marinda. Lakini sikiliza: kitambaa kirefu kinachopepea ni hatari kwenye gurudumu na mnyororo. Kabla kijana hajaondoa pikipiki, kusanya upana wote, ukalie, na mtandio uingize ndani ya koti. Hili usilipuuze hata kwa safari fupi ya Nyawera mpaka Essence.

Kikwembe cha akiba

Ndani ya mkoba wangu kuna kikwembe kimoja, cha rangi nzito isiyopiga kelele, kimekunjwa vidogo. Mama zetu wamekuwa nacho siku zote kwa ajili ya mvua, mtoto na kilio cha ghafla. Kwa anayevaa nguo ya kishindo ni lazima zaidi. Ukipita mahali ukasikia fulani amefariki, huendi nyumbani kubadilisha. Unajifunga juu ya suruali yako, unatoa hereni, unaingia. Hakuna atakayeuliza ulikuwa umevaa nini.

Maana kuna mahali ambapo kishindo hupumzika. Kwenye kilio hakiingii. Harusini, kama familia imetoa sare, shona sare hiyo. Ukitaka, mkono wako uwe na umbo lako, basi, siku ile ni ya bibi harusi. Kwenye ofisi za leta, yaani za serikali, mara nyingi karatasi imebandikwa mlangoni: sketi fupi, mabega wazi, jinzi zilizochanika na sandali haviruhusiwi. Rangi haimo kwenye karatasi hizo. Nimeingia na haradali yangu kuchukua hati na nikahudumiwa, mabega yakiwa yamefunikwa na viatu vikiwa safi. Kanisani inategemea kanisa. Parokiani kwetu suruali ya heshima haimsumbui mtu. Makanisa mengine hayataki kabisa mwanamke aingie na suruali, na nyumba ya watu ina sheria zake. Mteja wangu wa kanisa la namna hiyo tulimshonea sketi ndefu ya zambarau yenye mikunjo mikubwa, na kilemba kirefu cha kitambaa kile kile. Hakuna sheria hata moja aliyovunja, na alionekana kutoka mlangoni mpaka madhabahuni.

Usivae kamwe kitambaa chenye madoa ya kijeshi. Kofia, begi, suruali ya mtoto, chochote. Kwingine ni mtindo, kwetu kimeleta taabu kwa watu ambao hawakuwa na kosa. Na wakati wa uchaguzi chunguza kwanza ni chama gani kimeshika rangi unayotaka kuvaa kichwa mpaka miguu.

Siku nzuri ya kujaribu umbo jipya ni Machi 8, Siku ya Wanawake. Siku ile wanawake wa mji mzima wametoka na vikwembe vipya vilivyoshonwa kila namna, mafundi hatukulala wiki nzima, na mkono wako mkubwa utapita katikati ya mikono mingine mikubwa. Ukisikia raha nao siku hiyo, utaendelea nao Aprili.

Maneno ya njiani

Yatakuja. Yanatoka kwa watu wa namna tofauti na hayajibiwi kwa namna moja.

Mzee akikusimamisha, simama. Mara nyingi anauliza kwa kuwa anataka kujua. "Mama, ile nguo ni ya kuenda nayo wapi?" Mjibu, "Ni ya kazi, Papa. Habari ya nyumbani?" Mpe nafasi aseme lake. Baadhi watakuambia enzi zao mwanamke hakuvaa suruali. Ni kweli, na inafaa ujue kwa nini. Chini ya Rais Mobutu, tangu miaka ya mwanzo ya 1970, mwanamume wa Zaïre, jina la nchi yetu wakati ule, alitakiwa avae abakosti, lile koti la kuvaliwa bila tai, na mwanamke avae kikwembe; suruali na nywele za bandia alikatazwa. Hali hiyo iliendelea mpaka hotuba ya Aprili 24, 1990, siku ile Mobutu aliporuhusu vyama vingi na tai ikarudi shingoni. Kwa hiyo mengi tunayoyaita desturi ya mababu yaliletwa na amri ambayo wazee wetu wenyewe waliiona ikija na kuondoka. Hata waksi ilianza kwa Waholanzi waliokuwa wanaiga batiki za Java. Siyasemi haya ili umshinde mzee barabarani. Huwa ninamuuliza, "Papa, wewe ulikuwa na abakosti?" na uso wake unafunguka. Atakueleza kola ilikuwaje, fundi alikuwa nani, alivyoivaa siku ya harusi yake. Mtu aliyekumbuka nguo yake aliyoipenda hakutukani kwa yako.

Mama wenzetu husema kwa kunong'ona, na mara nyingi nyuma ya mnong'ono kuna swali la bei. Wageukie, waambie kitambaa ni kiasi gani na fundi ni nani. Wengi wa wateja wangu nimewapata hivyo.

Vijana waliokaa ukutani wanaopiga kelele usiwajibu. Usicheke, usikasirike, usiongeze mwendo. Shika mwendo uliokuja nao. Akiinuka mmoja kukushika nguo, hapo hakuna adabu tena: ingia dukani, mwite mama yeyote aliye karibu kwa sauti, simama naye. Mama wa Bukavu hamwachi mwanamke ashikwe mbele yake. Jioni panga usafiri mapema na kijana wa pikipiki unayemfahamu.

Nitasema na hili, kwa sababu linaniuma. Mwanamume akivaa koti la waridi anaitwa msapeli, watu wanacheka naye, wanampigia makofi. Mwanamke akivaa koti lile lile anaitwa malaya. Tumekubali jambo hilo kana kwamba ni hali ya hewa. Ninaposhona koti la rangi kwa msichana mwenye kazi yake na heshima yake, ninashona nikitaka siku moja apite tu, aulizwe bei ya kitambaa.

Kwa wanaume

Nyinyi njia yenu ni fupi. Mna mwanamuziki Papa Wemba na wasapeli waliotangulia, na watu wanajua wakutazameje. Kosa lenu ni kununua jina la nguo na kusahau kipimo. Koti la rangi likiwa kubwa mabegani linakugeuza kuwa mtu aliyeazima. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda walipandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo; kwetu balo za mitumba bado zinafunguliwa sokoni, na ndani yake mna makoti ya sufi yenye bitana nzuri kuliko utakayoweza kushonewa kwa bei ile. Nunua linalokaa begani, maana bega ndilo gumu kurekebisha. Kiuno, mikono na urefu tutapunguza. Halafu mwombe fundi abadilishe bitana iwe ya kikwembe. Kuna mwalimu ninayemshonea hivyo: darasani amevaa kijivu, akifungua koti ndani ni machungwa na bluu. Mwaka uliofuata alirudi kuagiza koti lenyewe la machungwa.

Vipande vilivyobaki

Mwambie fundi tangu mwanzo kwamba vipande vyote unavirudisha nyumbani. Kitambaa ni chako. Kutoka pisi moja hupatikana kilemba, mkoba mdogo, mara nyingine kola ya kubandika kwenye gauni jeusi la ofisini, ambayo ni mwanzo mzuri kwa mwenye woga. Ndani ya mishono ya pembeni aache sentimita 3 kila upande, maana mwili hubadilika na nguo nzuri inapaswa kubadilika nao. Fua nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje, peke yake mara za kwanza, na uianike kivulini. Jua letu la mchana linakula rangi haraka. Na kipande kimoja, kikubwa kama kiganja, kishonee ndani ya mfuko. Bomba la pikipiki likiunguza pindo, utakuwa na kiraka cha rangi ile ile, kwa sababu pisi nzuri ikishaisha sokoni mara nyingi hairudi.